Umejuaje? Somo la Uandishi wa Habari kwa Familia Zilizohama



Hapa Lweba, kama katika vijiji vingine vya Fizi vilivyo karibu na Baraka, habari hufika kwa njia nyingi. Huja na kijana wa pikipiki, huja na wavuvi, huja na akina mama waliorudi sokoni, huja kwa simu na kwa redio. Familia iliyowahi kukimbia vita husikiliza habari kwa masikio manne. Inajua kwamba neno moja linaweza kuamua kama watoto watalala nyumbani au porini, na kama mtumbwi utaingia ziwani usiku wakati upepo ni mkali.

Kati ya vijana waliohama wako wanaotaka kujifunza uandishi wa habari. Wazazi wao huuliza: Je, hii ni kazi ya kumlisha mtu? Je, haitamletea mtoto wangu hatari? Na atasomea wapi, sisi tusio na shamba wala mshahara? Haya ni maswali ya haki, na somo hili linajaribu kuyajibu.

Malengo ya somo

Mwisho wa somo hili, msomaji ataweza:
- kueleza kwa nini habari iliyohakikishwa ni jambo la amani;
- kutambua njia ambazo kijana anaweza kuzifuata ili ajifunze kazi hii;
- kupima habari aliyoisikia kabla ya kuipeleka mbele.

1. Habari ni hitaji kama maji

Watu wa Fizi wanajua kukimbia. Mwaka 1996, vita vilipoanza, wengi walivuka Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Tanzania mwaka huo huo. Vita vya 1998 vikawahamisha wengine. Mwezi wa Oktoba 2005 UNHCR ilianza kuwarudisha wakimbizi kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Kila familia kambini ilihitaji kujua mambo yale yale: Kijiji chetu kina usalama? Shule ipo? Nani analima shamba letu sasa? Baada ya hapo watu wamehama tena na tena, kutoka milimani kushuka ziwani, na mwaka 2025 kutoka upande wa Uvira kuja upande huu.

Mtu aliyehama amepoteza nyumba, na pia amepoteza wale aliokuwa akiwauliza. Kijijini kwake alimjua mzee asiyesema uongo na alimjua mlevi anayetia chumvi katika kila jambo. Ugenini hamjui mtu, kwa hiyo anaamini sauti inayopiga kelele zaidi.

Ndiyo maana mwaka 1994, baada ya mauaji ya Rwanda, BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, maana yake kinachounganisha familia. Jina lenyewe linaonyesha kazi yake: watu waliotawanyika walitafutana kwa njia ya redio.

Tuchukue pia ugonjwa wa kipindupindu, tunaoujua sana huku kando ya ziwa. Maji ya chumvi na sukari anayopewa mgonjwa wakati anapelekwa kituo cha afya hutengenezwa kwa lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, si vya kujaza mlima. Mtangazaji akigeuza, akasema chumvi sita na sukari nusu, amemdhuru mtoto wa mtu. Hakuwa na nia mbaya. Hakusoma tena karatasi yake tu.

2. Kusoma peke yake hakutoshi

Tusidanganyane kwamba kila aliyesoma ataleta amani. Huko Rwanda, redio iliyoitwa RTLM ilianza kutangaza mwaka 1993. Ilipiga muziki mzuri na watangazaji wake walichekesha, nayo ikapendwa na vijana. Mwaka 1994 redio hiyo hiyo ilichochea mauaji ya Watutsi. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu watu watatu katika kesi ya vyombo vya habari: Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze. Mahakama ya rufaa ilipunguza adhabu zao mwaka 2007, lakini wote watatu walibaki na vifungo vya miaka thelathini au zaidi.

Nahimana alikuwa profesa wa historia katika chuo kikuu. Hakukosa elimu. Basi mzazi anapomtuma mwanawe kusomea kazi hii, asitazame diploma peke yake. Atazame pia kama mtoto anajifunza kumhurumia asiye wa kabila lake.

Sasa tazameni jirani yetu Burundi. Mwaka 1995, wakati watu wa Bujumbura walikuwa wakiuana mtaa kwa mtaa, shirika la Search for Common Ground lilianzisha Studio Ijambo. Waandishi wake walikuwa Wahutu na Watutsi. Walipokwenda kutafuta habari, walitoka wawili wawili, mmoja wa kila upande. Faida ilikuwa mbili. Mahali ambapo Mhutu asingefunguliwa mlango, mwenzake aliongea. Na mahali ambapo Mtutsi asingeaminiwa, mwenzake alisimama. Tena, waliporudi kuandika, hakuna aliyeweza kuficha alichokiona mwenzake.

Njia hii haihitaji mashine wala umeme. Kijana Mbembe na kijana Mnyamulenge, Mfuliiru na Mbuyu, mwenyeji na aliyehama, wanaweza kuifuata kesho asubuhi.

3. Wapi mtu hujifunza kazi hii

Ziko njia tatu kubwa.

Njia ya kwanza ni chuo kikuu. Anayetaka kuingia lazima awe na diploma ya Serikali ya shule ya sekondari. Chuo cha uandishi kinachojulikana zaidi katika nchi yetu kiko Kinshasa. Kilianza mwaka 1973 kwa jina la ISTI, na baadaye kwa miaka mingi kiliitwa IFASIC. Kwa familia ya Lweba Kinshasa ni mbali mno, na gharama ya safari peke yake inaweza kumaliza fedha za mwaka mzima. Bukavu nako kuna vyuo, lakini kijana lazima apate mahali pa kulala, chakula na njia iliyo salama.

Njia ya pili ni chuo cha jamii na mafunzo mafupi. Haya ni masomo ya wiki au miezi, yanayotolewa karibu na watu na redio za jamii, mashirika au makanisa. Hayampi mtu cheo kikubwa, lakini humfundisha kushika kinasa sauti, kuuliza maswali, kuandika habari fupi na kusoma mbele ya kipaza sauti. Kabla ya kujiandikisha, mzazi aulize mambo manne: Nani anafundisha, na je, yeye mwenyewe amefanya kazi hii? Mwanafunzi atakwenda kutafuta habari nje, au atakaa darasani tu? Cheti kinatambuliwa na nani? Ada yote ni kiasi gani, pamoja na karatasi na mtihani? Asiyetaka kujibu maswali hayo hafai kufundisha waandishi.

Njia ya tatu ni kujifunza kazini. Chouchou Namegabe wa Bukavu alianza kama mwanagenzi katika Radio Maendeleo, redio ya jamii iliyoanzishwa 1993. Mwaka 2003 yeye na wenzake waliunda AFEM, chama cha wanawake wa vyombo vya habari vya Kivu Kusini. Chama hicho kiliwafundisha wanawake kutengeneza vipindi na kuwapa nafasi akina mama wa vijijini waseme wenyewe yaliyowapata. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya kimataifa ya waandishi iitwayo Knight. Huko Kakuma, Kenya, wakimbizi wa mataifa mbalimbali walianzisha gazeti lao KANERE mwaka 2008, wakiandika juu ya kambi yao wenyewe.

Mzazi aliyeuliza kama kazi hii italisha mtu anastahili jibu la kweli. Redio nyingi za jamii hazina fedha, na wengi wanaofanya kazi humo hujitolea, huku wakilima, wakifundisha au wakifanya biashara ndogo. Kijana ajue hivyo tangu mwanzo. Lakini ujuzi wenyewe haupotei: anayejua kuuliza, kusikiliza, kuandika kwa ufupi na kueleza mbele za watu anafaa pia katika shule, katika kamati ya waliohama na katika kazi za mashirika.

4. Swali linalobeba kazi yote

Vyuo vyote, vikubwa na vidogo, hufundisha maswali sita: nani, nini, wapi, lini, kwa nini, na namna gani. Ni maswali mema, lakini liko swali linalotangulia yote: Umejuaje?

Mtu anapoleta habari, jibu lake kwa swali hilo litaangukia katika moja ya mafungu matatu:

(a) Niliona kwa macho yangu.
(b) Niliambiwa na mtu aliyeona, na ninamjua.
(c) Nasikia watu wanasema.

Fungu la kwanza ni ushahidi, ingawa jicho nalo hukosea, hasa usiku na wakati wa hofu. Fungu la pili linatufungulia njia: twende kwa huyo aliyeona. Fungu la tatu bado si habari. Ni sababu ya kwenda kuuliza.

Kiswahili chetu kina maneno mawili ambayo mwanafunzi ayaogope: "inasemekana" na "imesikika". Yanasema jambo bila kumtaja msemaji. Ukiyakuta katika karatasi yako, yapige mstari, uandike mahali pake jina la aliyesema au kazi yake: mwuguzi wa kituo cha afya, mvuvi, mwalimu. Usipompata, ondoa sentensi.

Iko pia silabi moja ndogo yenye hatari kubwa: "wa". Mtu anapiga kelele njiani, "Wamekuja! Wamechoma! Wameua!" Ni akina nani? Hakusema. Lakini kila msikilizaji hujaza mwenyewe nafasi hiyo kwa jina la watu anaowaogopa. Mmoja anasikia kabila hili, mwingine anasikia jeshi lile. Hata kabla ya jioni kijiji kina maadui watatu kwa neno ambalo halikumtaja mtu. Mwandishi wa habari ni yule anayeuliza: "wa" nani?

5. Zoezi: kupima habari

Mfano huu ni wa kubuni. Kijana wa pikipiki anafika Lweba saa moja asubuhi na kusema: "Wamechoma kijiji chote jana usiku, watu wengi wamekufa, na sasa wanakuja huku!"

Wanafunzi wawili, wa makabila mawili, wanamketisha, wanampa maji, wanamwuliza polepole. Wewe uliona moto? Hapana, niliona moshi. Ukiwa wapi? Barabarani, mbali kidogo. Nani alikuambia watu wamekufa? Mama mmoja aliyekuwa anakimbia. Aliona maiti? Sikumwuliza. Nani alikuambia wanakuja huku? Hakuna, nilifikiri hivyo.

Sasa wanajua mengi kuliko kwanza. Moshi ni wa fungu la kwanza. Vifo ni vya fungu la tatu. Kuja huku ni mawazo ya mtu mwenye hofu. Wanampigia simu mwuguzi wa kituo cha afya cha kule, kisha mkuu wa kijiji, kisha mwalimu mmoja. Wote watatu hawakai nyumba moja, wala si wa ukoo mmoja. Hilo ni la maana, kwa sababu watu watatu walioambiwa na mtu mmoja ni shahidi mmoja tu.

Saa mbili baadaye wanaweza kuandika hivi: "Nyumba tatu ziliungua jana usiku. Mkuu wa kijiji anasema moto ulianzia jikoni, lakini mwenye nyumba mojawapo anasema ulitiwa na watu asiowajua. Mwuguzi amepokea watu wawili waliojeruhiwa. Hakuna aliyekufa mpaka saa tatu asubuhi. Barabara iko wazi."

Tazameni: hawakuficha kwamba watu wawili wanasema tofauti. Hawakuchagua upande. Waliandika saa, kwa sababu habari ya saa tatu inaweza kubadilika saa nane. Tena hawakumkemea kijana wa pikipiki. Mtu anayekemewa leo hataleta habari kesho, na kesho hatari inaweza kuwa ya kweli.

Hapo wazee tunawaomba tuelewane. Kupima habari hakumaanishi kuwazuia watu wasikimbie. Risasi zinaposikika, mama achukue watoto aondoke, asisubiri mwandishi. Tunachosema ni kwamba redio na kiongozi wasitangaze wasilolijua, kwa sababu watu wengi watatenda kwa neno lao.

6. Majeraha mawili, kipimo kimoja

Mwishoni mwa Desemba 1998 na mwanzoni mwa Januari 1999, mamia ya raia waliuawa Makobola, hapa Fizi. Tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa katika kambi ya Gatumba, Burundi. Wako watu wanaokumbuka Makobola kila mwaka na hawajawahi kulitaja jina la Gatumba. Wako wanaolia kwa ajili ya Gatumba na hawataki kusikia Makobola.

Mwanafunzi wa habari atapimwa hapo. Si lazima aseme kwamba mambo hayo mawili ni sawa. Kila tukio lina watendaji wake, na kazi ya kuwahukumu ni ya mahakama. Lakini atumie kipimo kimoja. Akisema "raia waliuawa" upande huu, asiseme "kulitokea vifo" upande ule. Akiandika majina ya waliokufa hapa, atafute majina ya waliokufa kule. Na aliyetenda ovu atajwe kwa kikundi chake cha silaha ikiwa kimejulikana hakika, asitajwe kwa kabila lake. Kabila halishiki bunduki. Ndani yake wako watoto wachanga na vikongwe wasiojua lolote.

7. Kumlinda mtu na kujilinda

Mzazi aliyeuliza juu ya hatari hakukosea. Serge Maheshe wa Radio Okapi alipigwa risasi Bukavu tarehe 13 Juni 2007. Mwenzake wa redio hiyo hiyo, Didace Namujimbo, aliuawa mjini humo tarehe 21 Novemba 2008. Radio Okapi ilikuwa imeanza mwaka 2002, na kwa lugha tano ikawaunganisha watu wa nchi iliyokuwa imegawanyika. Tunawataja ndugu hao kwa heshima, na ili kijana asiingie katika kazi hii kama mchezo.

Yafuatayo yafundishwe tangu siku ya kwanza:
- Mwanamke au mtoto aliyebakwa asitajwe jina, wala kijiji chake, wala jambo litakalomtambulisha. Sheria za Julai 2006 juu ya ubakaji zilikuja kumlinda, si kumwanika.
- Aliyekuambia siri kwa hofu, usimtaje hata ukibembelezwa.
- Usitangaze njia wanayopita wanaokimbia wala mahali walipojificha.
- Usiende peke yako, na mtu mmoja ajue uko wapi na utarudi lini.
- Usipokee fedha za mtu unayeandika juu yake. Leo ni nauli, kesho ni amri.
- Ijue sheria. Sheria ya vyombo vya habari ya mwaka 1996 ilibadilishwa na sheria mpya ya tarehe 13 Machi 2023, na kumchafulia mtu jina ni kosa linaloweza kumfikisha mtu gerezani. Mpe anayelaumiwa nafasi ya kujibu kabla ya kutangaza.

8. Viongozi na wazazi wafanye nini

Kiongozi anayewaficha watu habari huwaachia wenye uvumi kazi yake. Chakula cha msaada kikichelewa, kamati itoke iseme kimechelewa kwa nini. Isiposema, ifikapo jioni watu watakuwa wamempata wa kumshutumu, naye huenda ni mwenyeji aliyewapokea.

Kiongozi pia avumilie kuulizwa. Kijana akimwuliza mwenyekiti, "Baba, orodha ilikuwa na majina mangapi na waliopata ni wangapi?" hajamtukana. Kuuliza si ujinga, na mbele ya mzee kunafanywa kwa adabu. Wazazi nao wawape wasichana nafasi. Mengi yanayowapata akina mama kisimani na shambani hawatamwambia kijana wa kiume, na habari isiyo na sauti ya akina mama ni nusu ya habari.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Kumbukeni habari moja iliyowahi kuwafanya watu wakimbie au wagombane. Ilikuwa ya fungu gani: niliona, niliambiwa na aliyeona, au watu wanasema?
2. Katika mtaa wenu, ni watu gani watatu, wa koo mbalimbali, mnaoweza kuwauliza ili kuhakikisha jambo?
3. Mwandishi anajua jambo la kweli ambalo likitangazwa leo litaleta kisasi. Afanye nini? Aliache, angoje, au alitangaze kwa namna gani?
4. Kwa wiki moja, kila kikundi kihesabu mara ambazo kimesikia "inasemekana". Mtu akisema hivyo, mwulizeni kwa upole: Umejuaje?

Neno la mwisho

Wachache kati ya vijana wetu watafika chuo kikuu, na tunaomba mlango huo uzidi kufunguliwa. Lakini shule ya kwanza ya kazi hii inaweza kuanza Lweba, chini ya mti, kwa daftari moja na watu wawili wasio wa kabila moja. Anayejifunza hapo kusema "hilo bado silijui, nakwenda kuuliza" amekwisha kuanza kazi, hata kabla hajapewa cheti, na watoto wa jirani zake watalala nyumbani usiku ambao hapakuwa na sababu ya kukimbia.